Siku Vidole vya Mpiga Gitaa Vitakapokataa



Jumamosi jioni, wakati watu wengi wanapotoka kazini kwenda kustarehe, yuko mtu ambaye ndiyo kwanza anaingia kazini. Huyo ni mpiga gitaa wa baa, mcheza ngoma wa harusini, mchekeshaji, au msema-chochote anayeshika kipaza sauti na kuendesha shughuli hadi usiku wa manane. Hana mwajiri. Hulipwa fedha mkononi usiku ule ule, wala hakuna karatasi inayoandikwa. Chombo chake cha kazi ni mwili wake mwenyewe: vidole, koo, magoti na mgongo. Seremala akivunjikiwa na msumeno hununua mwingine. Mcheza ngoma akivunjika goti, atalinunua duka gani?

Miongoni mwa watumbuizaji wa hapa Uganda husikika swali hili: je, afadhali mtu ajiwekee akiba ya dharura, au akate bima ya ulemavu? Wapo wanaosema bima ni fedha ya bure kwa matajiri wa Kampala. Wapo pia wanaosema akiba ya msanii ni maji katika pakacha. Pande zote mbili zina ukweli wake, lakini kila upande unazungumzia msiba wa namna yake.

Tutazame kwanza msiba wenyewe. Tarehe 13 Agosti 1990, mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, Curtis Mayfield, alikuwa akiingia jukwaani katika uwanja mmoja wa Brooklyn, New York. Upepo mkali ukavuma, mtambo wa taa ukaanguka, ukampiga. Tangu saa ile alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, na gitaa hakulipiga tena. Aliishi miaka mingine 9, hadi Desemba 1999. Mwaka 1996 alitoa sahani mpya, akiimba hali amelala chali, mstari mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa pumzi haikumtosha. Mayfield alikuwa mmoja wa watunzi wachache wa zama zake waliojiundia kampuni za kusimamia haki za nyimbo zao. Mtunzi wa hapa kwetu naye anayo njia hiyo, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Lakini mcheza ngoma wa harusini hana sahani inayopigwa redioni. Kilichomo mwilini mwake kikiharibika, hakuna kingine kinachomletea fedha.

Mfanyakazi aliyeajiriwa analo kimbilio. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda yasema kwamba mtu akipata ulemavu kamili wa kudumu kutokana na kazi, mwajiri hana budi kumlipa kiasi cha mapato ya miezi 60. Hiyo ni mishahara ya miaka mitano. Lakini sheria hiyo humlinda mwenye mkataba wa ajira. Mpiga gitaa aliyekodiwa kwa usiku mmoja hana mkataba huo, na mwenye ukumbi anaweza kusema, pasipo kuvunja sheria, kwamba mtu huyu si wake.

Ndipo kofia inapopitishwa. Mwandishi wa maelezo haya, ambaye naye huendesha harusi siku za mapumziko, aliishuhudia kofia hiyo katika bendi moja iliyompoteza mpiga ngoma wake baada ya mkono kuungua vibaya. Juma la kwanza kofia ilijaa noti. Mwezi wa pili ilikuwa na sarafu. Mwezi wa nne hakuna aliyeishika, wala hakuna aliyekuwa mchoyo. Kila mmoja alikuwa na kodi yake ya nyumba. Huruma ya wenzetu ni ya kweli, ila haina urefu wa ulemavu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mcheza ngoma hupata shilingi 600,000 kwa mwezi, na kwa nidhamu kubwa huweka kando 60,000 kila mwezi. Baada ya miaka mitatu atakuwa na 2,160,000, mbali na faida. Akiteguka kifundo cha mguu akae nyumbani miezi mitatu, akiba hiyo yamtosha na chenji yabaki. Akivunjika uti wa mgongo, fedha hiyo haifiki mwezi wa nne, naye huenda ana miaka 40 ya kuishi mbele yake. Hata angeweka mara mbili ya hapo, angefika mwezi wa nane tu.

Mwenendo wa bima ni mwingine kabisa. Watu elfu moja wakichanga shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, zinapatikana shilingi milioni 10. Fedha hizo zaweza kuwalipa watu 33 shilingi 300,000 kila mwezi, ukiacha gharama za uendeshaji. Hesabu hiyo yawezekana kwa sababu watu elfu moja hawaanguki jukwaani kwa msimu mmoja. Aliyechanga mwezi mmoja na aliyechanga miaka kumi wote wamo chini ya mwavuli ule ule. Asiyeanguka maisha yake yote hurudi mikono mitupu, na hapo ndipo wengi wanapoona wameibiwa.

Yafaa hapa tuondoe kosa moja ambalo huwadanganya hata wasomi. Mfuko wetu wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985, hulipa mafao ya ulemavu. Na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mtu aliyejiajiri aweza kuchanga kwa hiari yake. Hilo ni jambo jema. Lakini mfuko huo ni mfuko wa akiba. Mwanachama akipata ulemavu hupewa alichokiweka pamoja na faida yake. Kijana wa miaka 24 aliyechanga mwaka mmoja hupewa mchango wa mwaka mmoja. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kwa kujiandikisha hapo amekwisha kukata bima ya ulemavu. Amejiwekea akiba iliyofungwa vizuri, basi. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mfuko wa namna hiyo hiyo tangu mwaka 1964. Mwaka 1997 waliugeuza kuwa mfuko wa bima ya jamii, nao hulipa pensheni ya ulemavu kila mwezi, mradi mwanachama awe amechanga kwa muda uliowekwa. Jina ni moja, NSSF, kazi ni mbili. Si vibaya wabunge wetu kuitazama njia hiyo ya jirani.

Je, basi akiba haina kazi? La, hasha. Machi 2020 maonyesho yalifungwa nchini kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na starehe za usiku hazikufunguliwa hadi Januari 24, 2022. Karibu miaka miwili! Katika muda huo bima ya ulemavu isingemlipa mpiga gitaa hata senti, kwa maana vidole vyake vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni jukwaa. Aliyekuwa na akiba alikula. Wengine waliuza vyombo vyao vya muziki.

Tena bima yenyewe humtegemea mwenye akiba. Mikataba mingi ya bima ya ulemavu ina kipindi cha kungoja, ambapo mgonjwa halipwi. Kadiri mtu anavyokubali kungoja zaidi, ndivyo ada inavyopungua. Anayeweza kujilisha miezi mitatu kwa akiba yake aweza kununua bima ya bei nafuu. Asiye na akiba hulipa ghali au hufa njaa akingoja. Ndiyo maana kwa maoni yetu mtumbuizaji aanze na akiba ya miezi mitatu, aiweke mahali ambapo si rahisi kuichota kwa ajili ya matanga na karo za ndugu, kisha ndipo atafute bima ya yale ambayo akiba haiyawezi kamwe.

Atakapoketi na wakala wa bima, aulize maneno matatu kabla ya kutia sahihi. Kwanza, je, bima hii ni ya ajali peke yake, au hata ya maradhi? Bima za ajali ni rahisi, lakini kiharusi si ajali, wala koo lililoharibika si ajali. Pili, ulemavu maana yake nini katika karatasi hii? Ikiwa ni kushindwa kazi yoyote ile, mpiga gitaa aliyepoteza vidole viwili ataambiwa aweza kuuza tiketi mlangoni. Ikiwa ni kushindwa kazi yake mwenyewe, atalipwa, ingawa ada yake itakuwa juu zaidi. Tatu, mapato yangu mtayapimaje?

Swali hili la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Kampuni ya bima hulipa sehemu ya mapato yanayoweza kuonyeshwa, na mtumbuizaji anayelipwa gizani nyuma ya jukwaa hana cha kuonyesha. Daftari la shilingi elfu chache lingetosha kuanzia: tarehe, ukumbi, kiasi alicholipwa, na sahihi ya aliyelipa. Fedha ipitishwe katika simu au benki hata kama ni ya kutolewa kesho yake asubuhi. Na bendi au kikundi chenye watu ishirini kikiyafanya hayo kwa pamoja, chaweza kwenda kwa kampuni ya bima kama kikundi, ambapo ada kwa kawaida huwa nafuu kuliko ya mtu aliyekwenda peke yake na gitaa lake begani.