Kiatu cha Kazi Juu ya Saruji ya Fedha

Mtaa wa Fedha, ulio Embakasi katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hauko mbali na Eneo la Viwanda wala na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kazi nyingi zinazopatikana huko na mtaani kwenyewe ni kazi za miguu: kupanga bidhaa ghalani, kulinda lango la gorofa, kuuza supamaketini, kufundisha, kuuguza, kupika hotelini. Safari ya kwenda kazini nayo huongeza mzigo, kwa kuwa zaidi ya theluthi moja ya safari zote za Nairobi hufanywa kwa miguu, na hata anayepanda matatu katika barabara ya Outer Ring hana budi kutembea hadi kituoni. Katika mazingira hayo, ambapo wayo hukutana na saruji, lami na vigae tangu alfajiri, kiatu cha starehe huzungumziwa kana kwamba ni anasa, na kinapotafutwa hutafutwa kwa kigezo kimoja tu, yaani ulaini. Lakini ulaini na uwezo wa kupunguza mshtuko ni sifa mbili tofauti, na mnunuzi asiyezitenganisha huweza kulipia ya kwanza akaikosa ya pili.

Kila kisigino kinapotua, ardhi huusukuma mwili kwa nguvu iliyo sawa na ile ambayo mwili umeikandamizia, kama inavyoeleza kanuni ya tatu ya Newton. Kwa mtu anayetembea mwendo wa kawaida, kilele cha nguvu hiyo hufika takriban mara 1.1 hadi 1.2 ya uzito wake, ilhali kwa anayekimbia hufika mara 2 hadi 3. Hata hivyo wataalamu wa biomekanika, yaani elimu ya jinsi nguvu zinavyotenda kazi katika miili ya viumbe, hawatazami kilele peke yake, bali hupima pia jinsi nguvu inavyopanda kwa haraka, kwa maana nguvu ileile ikifika katika sehemu ndogo sana ya sekunde huwa ni pigo, na ikifika polepole huwa ni mzigo tu.

Mwili una vifaa vyake vya kulipokea pigo hilo. Chini ya mfupa wa kisigino cha mtu mzima pana tabaka la mafuta lenye unene wa milimita 18 hivi, nayo hayako huru kama yale ya tumboni, bali yamefungiwa ndani ya vijumba vidogo vya nyuzi imara, hivi kwamba yakibanwa hutanuka kidogo kando na kurudi mahali pake. Mbele yake kuna tao la wayo, linaloshikiliwa na utando mgumu uendao kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole, na juu yake kuna misuli ya shavu la mguu na goti linalokunjika kidogo katika kila hatua. Uzee na kisukari huyapunguzia mafuta ya kisigino unyumbufu wake, na ndiyo sababu kiatu kinachomtosha kijana anayebeba mizigo huweza kumuumiza mlinzi mwenye umri mkubwa asiyebeba chochote.

Kenya ina nafasi ya pekee katika utafiti wa jambo hili. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa wakimbiaji, wakiwemo wa Bonde la Ufa, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo na hivyo huepuka pigo la ghafla linalompata anayetua kwa kisigino. Miaka tisa baadaye, katika jarida hilohilo, Nicholas Holowka, Lieberman na wenzao walitoa matokeo ya kuwapima watu wa magharibi mwa Kenya na wa Boston. Walibaini, kwanza, kwamba sugu nene huzilinda nyayo bila kuziondolea uwezo wa kuihisi ardhi. Na pili, kwamba soli yenye mto huichelewesha nguvu isipande ghafla, lakini huifanya idumu zaidi, hivi kwamba jumla ya msukumo unaofika kwenye viungo huongezeka. Utafiti huo haumwiti mtu yeyote kutembea pekupeku kando ya Outer Ring, penye chupa zilizovunjika, misumari na maji ya mitaro. Unachobainisha ni kwamba mto wa kiatu hauifuti nguvu ya ardhi bali huibadilisha sura, na kwamba si kila unene unaoongezwa huleta nafuu.

Mto huo kwa kawaida hutengenezwa kwa povu, yaani plastiki iliyojaa vijumba vidogo vya hewa. Povu la EVA, jepesi na la bei nafuu, ndilo lililomo katika raba nyingi. Hupunguza pigo vizuri likiwa jipya, lakini vijumba vyake hubonyea kwa matumizi visirudi, na povu lililobonyea huwa gumu ingawa ngozi ya kiatu bado inang'aa. Poliyurethani ni nzito zaidi na hustahimili kubonyezwa kwa muda mrefu, ndiyo maana hutumika sana katika buti za kazi. Mpira mtupu, kama ule wa akala zinazokatwa kutoka matairi ya magari, huyashinda yote kwa kudumu, lakini hauna hewa ndani yake na umeimarishwa kwa nyuzi, hivyo humkinga mtu na miiba kuliko unavyomkinga na pigo. Raba za mashindano, za aina aliyovaa Eliud Kipchoge mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alipokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ni habari nyingine kabisa: povu lake limebuniwa limrudishie mkimbiaji nishati yake, na urefu na ulaini wake huweza kumyumbisha anayeshinda akigeuka huku na huku nyuma ya kaunta.

Kwa mkazi wa Fedha suala la povu lina uzito zaidi kwa sababu viatu vingi vinavyouzwa Eastlands, yaani upande huo wa mashariki wa jiji, ni mitumba, na vingi hupitia soko la Gikomba kabla ya kufika kwenye vibanda vya mtaani. Jozi ambazo wauzaji huziita kamera, yaani zile bora zinazochaguliwa kwanza robota linapofunguliwa, hupewa bei kwa mwonekano wake, ilhali kasoro kubwa haionekani. Poliyurethani huvunjwa polepole na unyevu kwa njia ya haidrolisisi, ambapo maji huikata minyororo mirefu ya molekuli zake, na uharibifu huo huendelea hata kiatu kikiwa kabatini. Buti iliyokaa miaka mingi bila kuvaliwa huweza kung'aa kama mpya, kisha soli yake ikameguka katika wiki ya kwanza ya kazi. Mikunjo midogo ya mlalo kwenye ubavu wa soli ya kati, ambalo ndilo tabaka la povu, ni dalili ya povu lililochoka. Kiatu kikiwekwa juu ya meza tambarare na kutazamwa kwa nyuma, kisigino kilichoinama upande hufichua jinsi mwenyewe wa kwanza alivyokanyaga, na mwenyewe wa pili atavutwa akanyage vivyo hivyo. Kikikunjwa kwa mikono, hakina budi kukunjika pale vidole vinapoanzia, wala si katikati ya tao. Fundi wa viatu huweza kubandika soli mpya ya chini na kushona palipoachana, lakini povu lililokufa hawezi kulifufua.

Baada ya ukaguzi wa mikono hubaki hisia ya mvaaji, ambayo haistahili kudharauliwa. Mwaka 2001 Anne Mündermann, Benno Nigg na wenzao wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walieleza jinsi wanajeshi walivyojaribu aina sita za soli za ndani na kuchagua iliyowastarehesha. Machaguo yalitofautiana sana, na waliovaa walichokichagua walipata maumivu na nyufa za mifupa zitokanazo na mzigo unaorudiwarudiwa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wasiopewa soli hizo. Kwa hiyo sifa za kiatu kutoka kwa jirani hazina thamani kubwa kama dakika chache za kukivaa jioni, wakati miguu imevimba kwa kazi ya kutwa, miguu yote miwili, na juu ya sakafu ngumu, si juu ya kipande cha katoni ambacho muuzaji humtandikia mteja.

Kusimama, lakini, si kutembea, na hapo ndipo kiatu hufikia ukomo wake. Anayesimama hapati pigo lolote. Tatizo lake ni shinikizo lisiloondoka chini ya nyayo, pamoja na damu inayojikusanya miguuni, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu, ambayo kwa kukaza na kulegea huisukuma damu kurudi moyoni, haifanyi kazi mtu akitulia wima. Soli pana yenye mto wa wastani hulitandaza shinikizo hilo, lakini damu haiipandishi, na mlinzi anayesimama langoni zamu nzima hahitaji kiatu kizuri tu, bali pia nafasi ya kupiga hatua na mahali pa kukaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, buti zikiwemo pale kazi inapozidai, inamtaka pia aweke viti kwa wale ambao kazi yao huwaruhusu kukaa bila kuiathiri.