Kikombe, Jeni na Hesabu ya Saratani Kilimanjaro

Baridi ya asubuhi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Mwika na Marangu hadi Machame, huifanya chai kuwa kitu cha kwanza kutafutwa, tena ikiwa inafuka. Inafuka kiasi gani? Watafiti waliwapima wakazi 188 wa mkoa huu na kukuta kwamba walianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzi joto 70.6 za Selsiasi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na hakuna utafiti wa awali wa aina hiyo popote duniani uliokuwa umekuta watu wakinywa chai ya moto kiasi hicho.

Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula inayotoka kooni kwenda tumboni. Wengi huiita kansa ya koo. Afrika Mashariki imo kwenye ukanda ambao ugonjwa huu umekithiri, unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Katika hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet nchini Kenya, madaktari wameukuta hata kwa vijana ambao hawajafika miaka 30.

Je, daktari anaweza kumtazama mtu mzima kabisa na kumwambia uwezekano wake wa kuugua? Swali hilo linafanyiwa kazi kubwa duniani, hasa kwa saratani ya kongosho, kwa kuwa kongosho limejificha nyuma ya tumbo na uvimbe wake hugundulika ukiwa umeshasambaa. Watafiti hukusanya mambo mawili: jeni alizorithi mtu, na namna anavyoishi. Upande wa jeni, hitilafu katika BRCA2, ATM au CDKN2A huongeza hatari, na hata kundi la damu lina mchango wake mdogo. Wenye kundi O wana hatari pungufu kidogo kuliko wengine. Upande wa maisha kuna sigara, unene uliopitiliza, pombe nyingi na kisukari. Kila jambo hupewa uzito wake, kisha hesabu hujumlishwa.

Hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Sigara hukaribia kuongeza hatari ya saratani ya kongosho maradufu, lakini maradufu ya jambo lililo adimu bado ni adimu. Utafiti wa Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2005, uliwafuatilia watu wa miaka 50 na zaidi waliogundulika kisukari kwa mara ya kwanza. Ndani ya miaka mitatu, waliokutwa na saratani ya kongosho walikuwa pungufu kidogo ya mmoja kati ya 100.

Tatizo kubwa zaidi kwa msomaji wa Mwika ni mahali hesabu hizi zilikotoka. Hazina ya Uingereza iitwayo UK Biobank, inayotegemewa sana na watafiti, ina taarifa za watu wapatao 500,000, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni wenye asili ya Ulaya. Alama za jeni zilizopangwa kwa watu hao hupungua usahihi zikiletwa Afrika. Mfano mzuri ni jeni ya ALDH2, inayosaidia mwili kuvunja sumu inayotokana na pombe. Wajapani na Wachina wengi wana aina yake dhaifu, na mnywaji mwenye aina hiyo huwa na hatari kubwa ya saratani ya umio. Kwa Waafrika aina hiyo ni nadra mno. Mnywaji wa mbege akipimwa jeni hiyo, majibu hayatamwambia lolote la maana, ingawa pombe yenyewe inajulikana wazi kuchangia saratani ya umio.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa jeni katika uvimbe wa umio 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Wanasayansi walitarajia kukuta, katika nchi zenye wagonjwa wengi, alama maalumu iliyoachwa na sumu fulani, kama moshi wa sigara unavyoacha alama kwenye mapafu. Hawakuikuta. Uvimbe wa Tanzania ulifanana sana na wa Uingereza.

Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo kikombe kinapostahili kutazamwa upya. Moto hauandiki kitu kwenye jeni. Unaunguza utando wa umio, seli zinajigawa ili kuziba kidonda, zinaunguzwa tena kesho yake, na katika kujigawa huko kusikokwisha makosa hujitokeza. Ushahidi wa utafiti uliofanyika Eldoret, magharibi mwa Kenya, unaelekea huko huko: hatari kwa waliosema hunywa vinywaji vya moto sana ilikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wanaokunywa vya uvuguvugu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi nayo imeshiriki utafiti huo mkubwa wa kulinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo.

Chai si mtuhumiwa pekee; tumbaku na pombe zimo. Lakini chai ndiyo rahisi kurekebisha. Vipimo vya 2015 vilionyesha kwamba chai ya rangi hupoa mara mbili upesi kuliko ya maziwa, na wanywaji saba kati ya kumi wa chai ya maziwa walisema wamewahi kuungua ulimi.

Basi chai ya maziwa ikishamiminwa, ipewe muda ipoe. Na yeyote ambaye chakula kimeanza kumkwama, awe kijana au mzee, au aliyevuka miaka 50 akagundulika kisukari ghafla huku mwili ukipungua, awahi hospitali, na amweleze daktari pia ni nani katika ukoo wake aliwahi kuugua saratani.