Je, Wajua? Dawa za Mapigo ya Moyo, Mlenda na Mseto

Je, wajua kwamba…

• Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika? Ukienda ovyo, damu huweza kutuama ndani yake na kuganda. Bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa mbili: ya kutuliza mapigo na ya kuzuia damu kuganda.

• Warfarini, dawa maarufu ya kuzuia damu kuganda, iliingia sokoni Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya? Binadamu walianza kutibiwa nayo mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipewa baada ya mshtuko wa moyo.

• Mlenda unaweza kuvutana na warfarini? Majani ya kijani yana vitamini K, ambayo huisaidia damu kuganda. Mgonjwa wa Busi, Kondoa, hana haja ya kuususia mlenda wake. Cha muhimu ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mvua zikinyesha na mboga mbichi zikajaa, au kiangazi kikizipunguza, mwambie daktari.

• Kipimo cha INR huonyesha damu inachukua muda gani kuganda? Kwa wengi wanaotumia warfarini, lengo ni kati ya 2 na 3. Kikishuka, hatari ni bonge; kikipanda, hatari ni kuvuja damu.

• Dawa ya malaria iliwahi kufungua njia ya kutibu mapigo? Daktari Wenckebach aliandika mwaka 1914 kuhusu mfanyabiashara aliyegundua kuwa kwinini ilimtuliza moyo. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

• Undugu huo una upande wa pili? Kwinini na dawa ya mseto ya malaria zikikutana na baadhi ya dawa za mapigo, kama amiodaroni, zinaweza kuvuruga umeme wa moyo. Malaria lazima itibiwe. Kabla ya kuandikiwa dawa, taja ya moyo unayomeza.

• Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya warfarini, lakini metronidazo, ile flajili ya tumbo, huiongeza? Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu nazo huongeza hatari ya kuvuja damu. Nenda duka la dawa na boksi la dawa zako mkononi.

• Digoksini, dawa nyingine ya moyo, hutokana na mmea, na William Withering wa Uingereza aliandika kuhusu jamii ya dawa hiyo mwaka 1785? Dozi inayotibu na inayodhuru zimekaribiana mno. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kuona vitu vya njano ni ishara ya kumuona daktari upesi. Kuhara sana nako huongeza hatari, kwa kuwa mwili hupoteza potasiamu.

• Anayemeza amiodaroni ngozi yake huungua jua kwa urahisi? Kwa jua la Dodoma, kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya matibabu.

• Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja? Na vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, kama atenolo, havikatizwi ghafla hata ukijisikia mzima. Panga safari ya kliniki kabla havijaisha; Kondoa hadi Dodoma mjini, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni takriban kilomita 160.

• Choo cheusi kama lami, fizi zisizokoma kutoa damu, kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, uso kupinda au mkono kukosa nguvu si mambo ya kusubiri kesho? Ukiona mojawapo, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, na utaje dawa unazotumia hata kabla ya kuulizwa.