Ukungu, Mvuke na Harufu: Uundaji wa Sanduku la Kupulizia Rangi Nyumbani

Utangulizi

Kazi ya mikono ina mizizi mirefu katika sehemu za Mombasa zilizo nje ya kisiwa. Changamwe ndiko kuliko na ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka wa 1963. Bombolulu, upande wa Kisauni, ndiko viliko viwanda vidogo vya watu wenye ulemavu vilivyoanza mwaka wa 1969. Mbali na vituo hivyo, kazi nyingi hufanyiwa majumbani. Fundi huchonga kielelezo cha jahazi, hukisugua kwa msasa, hukitia tanga na kamba, kisha hufikia hatua ya mwisho ambayo ndiyo yenye hatari kuliko zote: kukitia rangi.

Makala haya yanaeleza jinsi sanduku la kupulizia rangi linavyoweza kuundwa nyumbani kwa gharama nafuu. Aidha, yanadhihirisha kwamba suala hili ni la lugha kama lilivyo la ufundi. Maonyo mengi kwenye makopo ya rangi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeivuta hewa ile mara nyingi ni msemaji wa Kiswahili.

Kwa nini rangi ipulizwe?

Kielelezo ni chombo kilichopunguzwa kwa kipimo maalumu. Jahazi la mita 15 likipunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 50 huwa na urefu wa sentimita 30. Rangi, hata hivyo, haipunguki kwa hiari yake. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 juu ya kielelezo hicho ni sawa na tabaka la milimita 5 juu ya jahazi halisi. Brashi ikiacha rangi nzito, mistari ya mbao hufunikwa na nakshi huzama. Ndiyo sababu fundi hupendelea kupuliza, au kwa lugha ya gereji, kupiga spreyi. Rangi iliyopulizwa hutua kwa tabaka jembamba, na inayokosa shabaha hubaki ikielea hewani.

Maneno matatu yasiyofaa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya kawaida, kila kinachotoka kwenye rangi huitwa harufu. Matumizi haya yanaficha mambo matatu yaliyo tofauti.

Kwanza ni ukungu, yaani matone madogo mno ya rangi yanayoelea. Ukungu una chembechembe, kwa hiyo chujio linaweza kuunasa. Pili ni mvuke, yaani thina au kiyeyushi kingine kilichogeuka kuwa hewa. Mvuke hauna tone la kunaswa. Hupenya chujio la kawaida na barakoa ya kitambaa kana kwamba havipo. Hunaswa na mkaa maalumu uliowekwa katika vikopo vya barakoa ya kiwandani, la sivyo sharti utolewe nje. Tatu ni harufu, ambayo ni ishara tu. Pua huizoea harufu baada ya muda mfupi, na fundi akadhani hewa imesafika ilhali haijasafika.

Tofauti hii ina uzito. Mwenye kujifunga leso puani ameikinga pua yake dhidi ya sehemu ya ukungu pekee. Aidha, rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi huweza kuwa na kemikali za isosianeti, ambazo husababisha pumu. Rangi za namna hiyo hazifai kabisa kupuliziwa nyumbani, hata kama kuna sanduku.

Nyumba na wakazi wake

Nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili: vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi, na nyuma pana ua. Mara nyingi kila chumba huwa na mpangaji wake, huku ukumbi na ua vikitumiwa na wote. Mvuke unaotoka chumba kimoja huingia chumba cha pili alikolala mtoto mchanga. Kwa hivyo, sanduku la kupulizia rangi si anasa ya fundi. Ni haki ya jirani.

Uundaji wa sanduku

Sanduku lenye upana wa sentimita 60, kimo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 50 latosha kwa kielelezo cha kadiri iliyotajwa. Laweza kuundwa kwa plaiwudi nyembamba au katoni ngumu. Upande wa mbele huachwa wazi. Viungo vyote huzibwa kwa utepe wa gundi ili hewa isivuje.

Nyuma ya sanduku hutobolewa tundu la feni ya kutolea hewa, ile inayofungwa kwenye ukuta wa jikoni. Feni ya mezani haifai, kwani huvuruga hewa badala ya kuiongoza. Chujio la nyuzinyuzi huwekwa mbele ya feni, si kwa kuigusa, bali kwa kuacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10. Nafasi hiyo huiwezesha hewa kuvutwa sawasawa kupitia chujio zima. Bila hiyo, ni sehemu ya katikati tu itakayofanya kazi. Bomba la kutolea hewa nalo liwe fupi, lililonyooka, na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa feni, kwa kuwa kila kona hupunguza nguvu ya mvuto. Taa huwekwa nje ya sanduku, ikimulika kupitia kioo kilichofungwa juu.

Hesabu ya hewa

Kipimo kinachotumiwa sana ni hewa kuingia mdomoni mwa sanduku kwa mwendo wa takriban mita 0.5 kwa sekunde. Mdomo wa sentimita 60 kwa 45 una eneo la mita mraba 0.27. Eneo hilo likizidishwa kwa mwendo huo, hupatikana mita za ujazo 0.135 kwa sekunde, sawa na 486 kwa saa. Kwa kuwa chujio na bomba huipunguzia feni nguvu, ni busara kuchagua feni iliyoandikwa takriban mara mbili ya kiasi hicho.

Asiyemudu feni kubwa ana njia nyingine: kupunguza mdomo. Ukizibwa kwa juu hadi kubaki sentimita 25 za kimo, hewa inayohitajika hushuka hadi mita za ujazo 270 kwa saa. Jambo jingine lisisahaulike: hewa haitoki isipoingia. Dirisha au mlango ulio mkabala na sanduku sharti uwe wazi.

Jaribio lake ni rahisi. Kabla ya rangi au thina kuletwa chumbani, chetezo cha ubani huwekwa mbele ya sanduku. Moshi wote ukivutwa ndani, sanduku linafanya kazi; ukitangatanga, bado pana kasoro.

Kusi na kaskazi

Bomba lielekezwe wapi? Jibu limo katika elimu ya mabaharia. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Kwa misimu yote miwili, upande wa magharibi wa nyumba ndio ulio demani kwa kiasi kikubwa, na hewa chafu itokayo huko hairudishwi ndani kwa urahisi. Hata hivyo, upande huo usiwe na dirisha la jirani wala jiko la ua.

Unyevu wa pwani nao una athari. Rangi zenye kiyeyushi kinachokauka upesi hupoza uso wa kielelezo, unyevu ukatua juu yake, na rangi ikafanya weupe kama ukungu wa kioo. Siku za masika, fundi mwenye subira hungoja jua.

Hatari ya moto

Hapa ndipo urahisi wa gharama unapofikia mpaka wake. Mvuke wa thina huwaka. Gesi inayosukuma rangi katika makopo ya kupuliza nayo, kwa kawaida, huwaka. Feni ya nyumbani haikuundwa kuhimili hewa ya namna hiyo, na cheche moja kutoka kwenye mota au swichi yatosha kuleta maafa. Kwa sababu hiyo, sanduku lililoelezwa hapa ni la rangi zinazochanganywa kwa maji pekee. Makopo ya kupuliza na rangi za thina zitumiwe nje, mahali pa wazi, mbali na jiko la makaa. Umeme ukikatika, kupuliza kukome papo hapo.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba sanduku la plaiwudi, feni ya ukutani na chujio vyaweza kuulinda ukumbi mzima wa wapangaji, mradi mipaka yake izingatiwe. Yamebainisha pia kwamba kinga huanzia katika neno. Fundi anayejua kuwa ukungu hunaswa na mvuke hutolewa nje hahitaji kutishwa. Atajua la kufanya. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu hapa. Istilahi zinazoundwa vyuoni hazitakuwa na maana zikibaki kwenye makabati, ilhali kopo lililoko Likoni lina onyo ambalo mwenye kulishika halielewi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Na tahadhari isiyoeleweka si tahadhari.