Kalamu ya Kioo Yapasa Kusikika Mkononi

Muhula uliopita niliisahihisha sura ya tasnifu ya mwanafunzi wangu kwenye tabuleti, kwa kalamu ya kielektroniki. Pambizoni niliandika "si sahihi" mahali pamoja, macho yangu yakiwa yameshatangulia mstari wa pili. Ncha iliteleza na lile "si" halikunaswa. Kijana akasoma "sahihi", akashukuru, na juu ya kosa lile akajenga sura nyingine nzima.

Kwenye karatasi mkono ungaliniarifu, kwa kuwa karatasi hukwaruza. Kioo ni laini kote, penye wino na pasipo wino, na hakina habari yoyote ya kuupa mkono.

Lugha yetu ililing'amua jambo hili zamani. Mswahili husikia sauti, lakini pia husikia baridi, harufu na maumivu. Mgeni aweza kudhani kwamba huo ni uhaba wa msamiati. La hasha! Ngozi ya kidole hupokea mitetemo kama sikio lipokeavyo, na huwa nyepesi zaidi kwa ile inayokaribia 250 kwa sekunde, ambayo sikio nalo huipata barabara. Mnamo 1998, Veikko Jousmäki na Riitta Hari wa Finland waliwafanya watu wasugue viganja huku wakiisikiliza sauti ya kusugua kwao. Sauti zile nyembamba zilipokuzwa, watu walihisi ngozi yao imekauka mithili ya karatasi. Viganja ni vile vile. Kilichogeuka ni sauti tu.

Basi wabunifu wameanza kuipa kalamu mtetemo. Mwaka 2021 kampuni ya Microsoft ilitoa Surface Slim Pen 2, yenye mota ndogo ndani, inayouigiza mkwaruzo wa karatasi katika baadhi ya programu. Apple nayo, katika Apple Pencil Pro ya 2024, ilifuata njia nyingine: kalamu hutetema kidogo unapoibana, ili ujue kuwa amri yako imepokewa.

Mimi, ambaye si mhandisi, naona hiyo ya pili ina busara zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo inayopendeza. Kuigiza karatasi ni kazi ngumu. Mtetemo ukichelewa hata kidogo nyuma ya ncha, mkono hutambua udanganyifu. Tena mota imo kiwiliwilini mwa kalamu, ilhali mwandishi huutazamia mkwaruzo nchani. Lakini swali kubwa ni hili: kalamu itetemapo, inasema nini? Ikiwa yatetema kwa kuwa ncha imegusa kioo tu, ingeniambia uongo siku ile, maana huenda ncha iligusa. Nataka itetemeke pale tu ambapo mashine imekwisha kuuhifadhi mstari, na inyamaze ghafla mstari unapopotea. Kimya hicho kingenirudisha kwenye lile "si" kabla sijafungua ukurasa mwingine.

Wanaowapa watoto wetu tabuleti wajifunzie herufi nao walifikirie hili. Mtoto aliyechora "a" kwa kidole mchangani aliusikia mchanga ukimpinga, akajua mviringo umefungika hata kabla ya kuutazama.

Kijana wangu anaiandika upya sura ya nne. Maoni yangu safari hii nimempa kwenye karatasi, kwa kalamu ya risasi.