MS: Lawama Isiishie kwa Kingamwili

Magharibi mwa Kenya, watoto wengi mno huwa wameshaambukizwa virusi vya Epstein-Barr kabla ya kutimiza miaka mitatu. Virusi hivyo hujificha ndani ya seli B, chembe nyeupe za damu zinazozaa watengenezaji wa kingamwili. Huku kwetu vinajulikana zaidi kwa saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, ambayo malaria nayo huichochea. Lakini vina mkono pia katika multipo sklerosisi, yaani MS, maradhi ambayo kinga ya mwili huula utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, hata mtu akapofuka jicho au akashindwa kutembea. Mwaka 2022, watafiti waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani waligundua kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya maambukizi hayo.

Kwa miaka mingi walioshutumiwa kwa MS ni kingamwili zitokanazo na seli hizo B, na si bila sababu: tangu 1942 mtafiti Elvin Kabat alizikuta zimezidi katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Naona hata hivyo kwamba ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka katika jaribio la dawa ya rituksimabu, lililochapishwa mwaka 2008. Dawa hiyo huangamiza seli B, ila haigusi seli plazma, ambazo ndizo hasa zinazomwaga kingamwili. Kingamwili katika damu zilibaki karibu vilevile, na bado majeraha mapya ya ubongo yalipungua sana ndani ya wiki chache. Basi seli B zina kosa jingine: huzionyesha seli T, chembe nyingine za kinga, vipande vya mwili wenyewe kana kwamba ni adui, kisha huzichochea kwa kemikali mpaka zivamie ubongo.

Mtu atauliza: mbona kuna wagonjwa ambao kingamwili ndiyo hasa inayoua mishipa ya fahamu ya macho? Ni kweli, ila huo ni ugonjwa mwingine, nyuromielitisi optika, ambao kingamwili yake ilitambuliwa mwaka 2004. Zamani ulihesabiwa kuwa aina ya MS, na kosa hilo ni la hatari, kwani baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Mgonjwa wa Kitale aliyepofuka ghafla anastahili kupimwa kingamwili hiyo kabla ya kuanzishiwa tiba ya MS.

Wengine husema MS ni ya nchi za baridi. Ni kweli kwamba karibu na ikweta hugunduliwa mara chache, lakini utafiti wa California wa mwaka 2013 ulikuta wanawake weusi wakiugua zaidi ya weupe, na ugonjwa unaothibitishwa kwa picha za MRI hauwezi kuonekana pale mashine hiyo isipofika. Rituksimabu, inayotumika pia kwa saratani za tezi za limfu, iliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa MS. Mgonjwa wa Bungoma ana haki ya kuiulizia.