Mbawakawa mpya wa Mlima Elgon hupataje jina?

MSAFIRI anayetoka Webuye kuelekea Kitale huuona Mlima Elgon upande wake wa kushoto kwa sehemu kubwa ya safari. Miteremko ya kusini imo Bungoma, ile ya mashariki imo Trans Nzoia, na magharibi ni Uganda, ambako ndiko kiliko kilele kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321. Katika msitu wa mlima huo, chini ya majani yaliyooza na magome ya miti iliyoanguka, mna wadudu wadogo ambao hata mtaalamu hawezi kuwataja kwa jina papo hapo.

Miongoni mwao ni mbawakawa wa jamii ambayo wanasayansi huiita Staphylinidae. Mbawakawa wa kawaida ana mabawa mawili magumu yanayoufunika mgongo wote mithili ya kasha. Kwa hawa, mabawa hayo ni mafupi kama kizibao na huacha sehemu kubwa ya tumbo wazi, huku mabawa laini ya kurukia yakiwa yamekunjwa kwa ustadi chini yake. Ni wembamba, wepesi wa mbio, na baadhi yao wakitishwa huinua ncha ya tumbo kama nge. Spishi zaidi ya 60,000 za jamii hii zimekwisha kuelezwa duniani. Wengi wao huwinda mabuu na wadudu wengine wadogo, kwa hivyo mkulima anayewakuta shambani hana sababu ya kuwachukia.

Yupo mmoja, hata hivyo, aliyeiharibia sifa jamii nzima. Ni yule anayeitwa nzi wa Nairobi, mwekundu na mweusi, ambaye huzuka kwa wingi baada ya mvua kubwa kama zile za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Si nzi hata kidogo. Ni mbawakawa wa jenasi Paederus. Haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake, na humwagika mtu anapomponda juu ya ngozi. Siku moja au mbili baadaye mahali hapo huwaka na kutoa malengelenge. Ndiyo maana watu hushauriwa kumpuliza badala ya kumpiga kofi, kisha waoshe ngozi kwa sabuni na maji.

Historia ya jina lake inafaa kuangaliwa. Mojawapo ya spishi zinazoitwa nzi wa Nairobi, Paederus sabaeus, ilielezwa na Mjerumani Wilhelm Ferdinand Erichson mwaka 1840, takriban miaka 60 kabla ya Nairobi kuwa kambi ya reli. Mdudu alijulikana na mabingwa wa Berlin kabla mji unaombebesha lawama haujakuwapo.

Kazi ya Erichson ndiyo ile ile anayopaswa kuifanya mtafiti wa leo akidhani amepata spishi mpya Elgon. Kumwona mdudu hakutoshi. Mtafiti huchekecha majani ya msituni kwa ungo, au hufukia vikombe ardhini ili wadudu watumbukie usiku. Kisha huwagawa wadudu hao chini ya darubini, akihesabu pingili za vipapasio, akipima kichwa, akitazama vinyweleo na vitone vya mgongoni. Wengi wana urefu wa milimita chache tu. Mara nyingi umbo la nje halitoshi kutofautisha spishi mbili zilizo karibu, na hapo hulazimika kumpasua dume na kuchunguza kiungo chake cha uzazi, ambacho umbo lake hutofautiana baina ya spishi na spishi. Msomaji mwenye haya atasamehe, lakini bila hatua hiyo majina mengi ya mbawakawa hawa yangekuwa ya kubahatisha.

Baada ya hapo huja sehemu ngumu zaidi, nayo ni kulinganisha. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama husema kwamba jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo hushinda. Kwa hivyo ni lazima mtafiti ahakikishe kuwa hakuna mtu aliyemtangulia, hata kama maelezo yenyewe yalichapishwa kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa katika jarida lililosahaulika. Hulazimika pia kutazama vielelezo vya msingi, yaani wadudu wale hasa ambao majina ya awali yalitolewa kwao. Vingi vya vielelezo hivyo haviko Kenya.

Max Bernhauer, mthibitishaji wa hati za kisheria nchini Austria aliyefariki mwaka 1946, alieleza spishi zaidi ya 5,000 za jamii hii kutoka pembe zote za dunia, na mkusanyiko wake sasa umo katika makavazi ya Field mjini Chicago. Mwaka 1932 na 1933 msafara wa kisayansi kutoka Ufaransa, akiwamo mtaalamu wa wadudu René Jeannel, ulifanya kazi Elgon na kuendelea hadi bonde la Omo, Ethiopia. Hivyo anayetaka kumjua mdudu aliyeokotwa saa chache kutoka Kitale huenda akahitaji kuandikia Paris, Chicago au Berlin, japo picha za mtandaoni zimepunguza adha hiyo.

Spishi ikithibitika kuwa mpya, hupewa jina la maneno mawili, utaratibu unaohesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Neno la pili laweza kutaja mahali, kama elgonensis, yaani wa Elgon. Likiwa kivumishi, sharti lipatane na jinsia ya neno la kwanza kwa sarufi ya Kilatini. Jambo lisilomshangaza mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea upatanisho wa ngeli. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa cha msingi, maelezo huchapishwa, na tangu hapo jina huwa halali.

Muda ndio tatizo. Kielelezo chaweza kukaa miaka mingi ndani ya droo kikisubiri mtu wa kukichunguza, na msitu hausubiri. Katika milima mirefu ya Afrika Mashariki wamo mbawakawa wa jamii hii waliopoteza mabawa ya kurukia, na mdudu wa namna hiyo huenda asipatikane katika mlima mwingine wowote. Hawezi kuhama miti ikikatwa. Hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon, inayofikiwa kutoka Kitale kupitia Endebess, ilianzishwa mwaka 1968 na ina ukubwa wa takriban kilomita 169 za mraba. Upande wa Bungoma, sehemu ya msitu ilianza kugeuzwa makazi mwaka 1971 chini ya mpango wa Chepyuk.

Wala thamani ya wadudu hawa si ya kitaaluma pekee. Mwaka 2002 Mjerumani Jörn Piel alichapisha ushahidi kwamba pederini hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mbawakawa, si na mbawakawa mwenyewe. Kemikali hiyo huzuia seli kugawanyika, na kwa sababu hiyo imewavutia watafiti wa dawa za saratani. Kenya ilitunga kanuni za kusimamia matumizi ya rasilimali kama hizo mwaka 2006, na Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa yake ilianza kutumika kimataifa mwaka 2014. Mgeni anayebeba wadudu wa Elgon leo anahitaji vibali ambavyo msafara wa Jeannel haukuviwazia.

Kitale yenyewe si ngeni kwa kazi hii. Hugh Stoneham, mwanajeshi Mwingereza aliyependa kukusanya wadudu na ndege, alianzisha makavazi yake binafsi huko mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966 na kuliachia taifa mkusanyiko huo, ambao ndio chimbuko la Makavazi ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Mdudu aliyetungwa kwenye pini katika mkusanyiko wa aina hiyo huwa na kibandiko kidogo chini yake: mahali alipokamatwa, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyemkamata. Kibandiko hicho kikipotea, mtaalamu hana njia ya kujua kama mdudu alitoka Elgon au kwingineko, hata awe mzima kiasi gani.